Maksai kwa ndama: kwa nini klabu ya besiboli inayofungwa huwatoa nyota wake

Usiku wa Agosti 31, 2017, zikiwa zimebaki dakika chache kufika saa sita, Justin Verlander alikuwa bado mchezaji wa Detroit Tigers. Saa sita ilipotimia alikuwa mchezaji wa Houston Astros. Hakukuwa na ada ya uhamisho kama tunayoizoea kwenye soka. Detroit walimtoa mrushaji waliyemchagua akiwa kijana mwaka 2004, aliyewashindia mechi 183, na ambaye mwaka 2011 alitwaa kwa mpigo tuzo ya Cy Young, inayopewa mrushaji bora wa ligi, na tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima. Wakapokea vijana watatu ambao hata mmoja wao hakuwa amewahi kucheza ligi kuu: Franklin Pérez, mrushaji wa miaka 19 kutoka Venezuela, Daz Cameron, mchezaji wa miaka 20 wa nyuma ya uwanja, na Jake Rogers, mdakaji wa miaka 22. Juu ya hayo, Detroit wakakubali kubeba dola milioni 16 za mshahara wa Verlander kwa misimu miwili iliyofuata, wakati yeye amevaa jezi ya watu wengine.

Miezi miwili baadaye Verlander alikuwa bingwa. Alishinda mechi zake zote tano za msimu wa kawaida akiwa Houston, akawa mchezaji bora wa nusu fainali dhidi ya New York Yankees, na Astros wakatwaa World Series, yaani fainali ya ubingwa wa ligi, kwa mara yao ya kwanza. Detroit walimaliza msimu wakiwa wameshinda mechi 64 na kupoteza 98.

Aliyelelewa na soka atauliza klabu hiyo ilikuwa na akili gani. Mimi naona mkulima wa Usukumani angeielewa haraka kuliko mchambuzi wa soka. Chukulia ana maksai mmoja hodari wa kulimia, lakini mvua imemkimbia na shamba lake la mwaka huu limeshakauka. Jirani yake mvua imemnyeshea, ana ekari zinazosubiri jembe, na msimu unapita. Maksai akibaki kwa mwenye shamba kavu atakula majani na kuzeeka. Kwa hiyo anampa jirani, anachukua ndama watatu. Mmoja anaweza kufa. Mwingine anaweza kukua dhaifu. Wa tatu huenda akaja kulima miaka saba. Mwenye ndama hajui yupi ni yupi, na kwa muda mrefu hatakuwa na mnyama wa kulimia.

Hiyo ndiyo biashara yenyewe. Lililobaki ni kueleza kwa nini kanuni za besiboli ya Marekani zinaifanya iwe na maana, na kwa nini mara nyingi haileti kilichotarajiwa.

Ligi isiyo na kushuka daraja

Jambo la kwanza la kuliweka pembeni ni hofu ya kushuka daraja. Klabu ya Ligi Kuu ya Tanzania Bara ikiwa mkiani msimu unapoelekea ukingoni, inamng'ang'ania kila mchezaji mwenye pumzi, kwa sababu kushuka ni kupoteza kila kitu. Ligi kuu ya besiboli, MLB, ina klabu 30, na msimu ujao zitakuwa 30 zilezile. Mwaka 2019 Detroit walipoteza mechi 114 na hawakushuka popote. Mwakani yake walikuwa palepale, kwenye uwanja uleule, wakicheza na wapinzani walewale. Tena waliopoteza sana walikuwa wakipewa nafasi ya kwanza kuchagua vijana wanaotoka shule na vyuo. Mfumo wa namna hii unamwambia anayepoteza kidogo kwamba hana anachopata, na anayepoteza sana kwamba kuna kitu kinamsubiri.

Jambo la pili ni kwamba klabu haziuziani nyota kwa fedha taslimu. Kuna aliyejaribu. Juni 1976 Charlie Finley, mwenye klabu ya Oakland, aliona wachezaji wake wakubwa wanakaribia kuwa huru kuondoka, akaamua kuwauza kabla hawajaondoka bure: Vida Blue kwa Yankees kwa dola milioni 1.5, Joe Rudi na Rollie Fingers kwa Boston kwa milioni moja moja. Kamishna wa ligi, Bowie Kuhn, alifuta mauzo yote matatu, akisema yanaharibu mchezo. Tangu hapo imeeleweka kwamba nyota hubadilishwa kwa wachezaji. Fedha huingia kama kiungo tu, kwa mfano klabu inayomtoa mchezaji kukubali kulipa sehemu ya mshahara wake, kama Detroit walivyofanya kwa Verlander.

Hata kiungo hicho kina nguvu zake. Msimu wa 2023 New York Mets walikuwa na kikosi ghali kuliko chochote kilichowahi kuwapo, na bado walikuwa wanafungwa. Walipofika Julai na mwanzo wa Agosti waliwatoa warushaji wao wawili wakongwe, Max Scherzer aliyekwenda Texas na Verlander huyuhuyu aliyerudishwa Houston, wakakubali kulipa zaidi ya dola milioni 30 za mishahara kwa kila mmoja. Kadiri Mets walivyojitwisha mshahara mkubwa, ndivyo walivyopewa chipukizi bora zaidi. Mwenye klabu tajiri alikuwa ananunua vijana bila kuwaita bidhaa. Texas, kwa upande wao, walitwaa ubingwa wa mwaka huo.

Kinachobadilishwa ni muda

Hapa ndipo penye kiini, na ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu wanatazama majina na vipaji. Anayebadilisha mkongwe kwa chipukizi habadilishi kipaji kwa kipaji. Anabadilisha muda wa leo kwa muda wa kesho.

Mchezaji akifika ligi kuu, klabu inamshikilia kwa miaka sita ya utumishi kabla hajawa huru kwenda anakotaka. Katika miaka mitatu ya mwanzo, walio wengi hulipwa karibu na kima cha chini, ambacho mwaka 2024 kilikuwa dola 740,000, hata kama kijana huyo anacheza vizuri kuliko jirani yake kwenye chumba cha kubadilishia nguo anayelipwa milioni 30. Baada ya hapo anaweza kupeleka madai ya mshahara kwa msuluhishi, na kipato chake kikaanza kupanda. Kwa hiyo chipukizi anayefaulu ni hazina ya miaka sita kwa bei ambayo soko lisingeikubali kamwe.

Mkongwe ambaye mkataba wake unakwisha vuli hii amebakiza miezi miwili. Kwa klabu iliyo mkiani, miezi hiyo miwili ni majani makavu: kumaliza na ushindi 70 badala ya 66 hakubadilishi chochote. Kwa klabu inayopigania nafasi ya mtoano, mrushaji mmoja hodari ndani ya miezi hiyohiyo anaweza kuwa tofauti kati ya kombe na kwenda nyumbani Septemba. Kitu kilekile, thamani mbili tofauti kabisa. Ndiyo maana biashara inawezekana bila mmoja kuwa mjinga, na ndiyo maana hufanyika kwa fujo siku za mwisho za Julai, wakati kila klabu imecheza zaidi ya mechi 100 kati ya 162 na inajua kama ina shamba la kulima au la. Zamani kulikuwa na mlango wa nyuma wa Agosti, ambao Verlander alipitia. Tangu 2019 mlango huo umefungwa. Tarehe ya mwisho ni moja.

Wamarekani huhesabu siku hizi za utumishi kwa ukali wa kushangaza. Siku 172 kwenye kikosi cha ligi kuu zinahesabiwa mwaka mzima. Mwaka 2015 Chicago Cubs walimwacha Kris Bryant, chipukizi aliyekuwa akizungumzwa kuliko wote, kwenye ligi ndogo, zile za kukuzia vijana chini ya ligi kuu, hadi Aprili 17. Alimaliza msimu akiwa na siku 171. Siku moja pungufu, na Cubs wakapata mwaka mzima wa ziada kabla hajawa huru. Alilalamika rasmi kupitia chama cha wachezaji, na mwaka 2020 msuluhishi akaamua dhidi yake. Ukishaelewa siku ile moja ilikuwa na thamani gani kwa pande zote mbili, umeelewa kwa nini vijana watatu wasiojulikana wanaweza kukaa kwenye mzani mmoja na Verlander.

Mji mmoja, pande zote mbili za mzani

Nimeanza na Detroit kwa sababu mji huo umekaa pande zote mbili za biashara hii, na miaka yake miwili inatazamana kama mtu na kioo. Mwaka 2017 rekodi yake ilikuwa ushindi 64 na vipigo 98. Mwaka 1987 ilikuwa ushindi 98 na vipigo 64.

Agosti 1987 Detroit walikuwa jirani aliyenyeshewa mvua. Walikuwa wanawafukuza Toronto kileleni, wakakosa mrushaji mmoja. Atlanta Braves, waliokuwa njiani kupoteza mechi 92, walikuwa naye: Doyle Alexander, mwenye miaka 36. Detroit walimpata kwa kutoa kijana mmoja wa miaka 20 aliyekulia Lansing, saa moja na nusu kwa gari kutoka uwanjani kwao. Kwenye ligi ndogo mwaka huo kijana huyo alikuwa ameshinda mechi 4 na kupoteza 10. Ukisoma takwimu hizo peke yake, ungesema Detroit wametoa bure.

Alexander alifanya alichoitiwa na zaidi. Alishinda mechi tisa, hakupoteza hata moja, akiruhusu wastani wa pointi 1.53 kwa mchezo kamili. Siku ya mwisho ya msimu Detroit waliwafunga Toronto na kutwaa kundi lao. Kisha kwenye nusu fainali Minnesota wakawatoa, Alexander akipoteza mechi zote mbili alizoanza. Miaka miwili baadaye alikuwa amestaafu.

Kijana wa Lansing ni John Smoltz. Aliwapa Atlanta miaka ishirini. Alishinda mechi 213 katika maisha yake ya mchezo, akatwaa Cy Young ya 1996, akawa sehemu ya kikosi kilichobeba ubingwa wa 1995, na mwaka 2015 akaingizwa kwenye Jumba la Mashujaa la besiboli.

Mabadilishano haya hutajwa kila mwaka Julai inapofika, pamoja na yale ya 1990, ambapo Boston walichukua kutoka Houston mrushaji wa miaka 37, Larry Andersen, kwa mechi 15 tu, wakamtoa Jeff Bagwell, aliyekuja kupiga homurani 449, yaani mipigo inayovusha mpira nje ya uzio wa uwanja, zote akiwa Houston. Nami nimeyataja, lakini nataka niwe mwangalifu nayo. Yanatajwa kwa sababu ni nadra. Wauzaji wanapenda kuyasimulia kwa mashabiki wenye majonzi, na shabiki aliyeahidiwa Smoltz mpya kila kiangazi ana haki ya kujua ni ndama wangapi wanaokufa zizini.

Tazama Detroit hao hao mwaka 2017, maana Verlander hakuwa peke yake. Julai 18 walimtoa J.D. Martinez, mpigaji hatari, kwenda Arizona, wakapokea vijana watatu. Martinez alipiga homurani 29 katika mechi 62 za Arizona. Vijana watatu hawakuacha alama yoyote Detroit. Julai 31 meneja mkuu wa klabu, Al Avila, aliwatoa wawili kwenda Chicago Cubs, mmoja wao akiwa Alex Avila, mdakaji, mwanawe wa kumzaa. Kazi hii ina siku ambazo baba humpigia mwana simu kumwambia amembadilisha. Wakapata chipukizi wawili, Jeimer Candelario na Isaac Paredes. Candelario alicheza miaka kadhaa, kisha wakamwachia. Paredes waliishiwa naye subira, wakambadilisha mwaka 2022 kwenda Tampa Bay. Mwaka 2024 alichaguliwa kwenye kikosi cha nyota wa ligi, kwa jezi ya wengine. Ndama alikuwa mzima. Walimtoa kabla hajaota pembe.

Na watatu wa Verlander? Franklin Pérez, aliyekuwa amepewa matumaini makubwa kuliko wenzake, aliandamwa na majeraha na hakuwahi kuifikia ligi kuu. Daz Cameron alifika, hakudumu. Jake Rogers alifika, akafanyiwa upasuaji wa kiwiko mwaka 2021, akakosa msimu mzima wa 2022, akarudi. Wakati huo Verlander alikuwa ametwaa Cy Young nyingine mbili na ubingwa wa pili akiwa Houston.

Misimu iliyofuata ilikuwa migumu kutazama: tena vipigo 98, kisha 114. Nafasi za mwanzo za kuchagua vijana ziliwapa Casey Mize mwaka 2018 na Spencer Torkelson mwaka 2020, wote wakiwa chaguo la kwanza kabisa nchini. Lakini mchezaji aliyekuja kuibeba klabu, Tarik Skubal, mshindi wa Cy Young ya 2024 na ya 2025, hakutoka kwenye biashara yoyote wala kwenye nafasi za juu. Alichaguliwa raundi ya tisa mwaka 2018, akiwa wa 255, kutoka Chuo Kikuu cha Seattle. Vijana 254 walitajwa kabla yake. Wapelelezi wa vipaji hupima kila kitu cha kijana kwa mizani ya kuanzia 20 hadi 80, kasi ya mkono, nguvu ya kupiga, mbio, na bado mizani hiyo haijui mwili utakuwaje baada ya miaka minne.

Kusuka upya, au kujiachia?

Kuna tofauti kati ya kukubali kwamba msimu umekufa na kuamua kwamba misimu mitatu ijayo nayo ife. Mashabiki wa Marekani walianza kuiona tofauti hiyo wazi baada ya Houston. Astros walipoteza mechi 106 mwaka 2011, 107 mwaka 2012 na 111 mwaka 2013, wakakusanya vijana, wakatwaa ubingwa 2017. Klabu nyingine zikaiga. (Ubingwa huo baadaye uliingia doa: Januari 2020 ligi iliwaadhibu Astros kwa kuiba kwa kamera ishara ambazo wadakaji wa wapinzani huwapa warushaji wao, mwaka huohuo wa 2017.)

Chicago White Sox walikuwa miongoni mwa waliofuata njia. Desemba 2016 walimtoa Chris Sale kwenda Boston na kupata, pamoja na wengine, Yoán Moncada na Michael Kopech. Julai 2017 walimtoa José Quintana na kupata Eloy Jiménez na Dylan Cease. Majina hayo wakati ule yalikuwa yanang'aa. Kila mpelelezi aliwasifu. Klabu iliingia mtoano 2020 na 2021, ikatolewa mapema mara zote mbili, kisha ikaporomoka. Mwaka 2024 ilipoteza mechi 121, nyingi kuliko klabu yoyote tangu mwaka 1900. Sale alikwishatwaa ubingwa Boston miaka sita nyuma.

Ligi ilijaribu kupunguza tamaa. Makubaliano ya 2022 yaliweka bahati nasibu kwa nafasi sita za kwanza za kuchagua vijana, na kuzuia klabu kubwa kufaidi bahati hiyo miaka miwili mfululizo. White Sox wenye vipigo 121 walichagua wa kumi mwaka 2025. Ni hatua nzuri, ila haigusi mzizi, kwa sababu mzizi ni ile miaka sita ya bei rahisi.

Maoni yangu ni haya. Kumtoa mkongwe ambaye mkataba wake unakwisha baada ya miezi miwili ni uungwana hata kwake: anapata nafasi ya kombe, klabu inapata mbegu. Ninapopata shida ni pale anapotolewa kijana. Agosti 2022 Washington Nationals walimtoa Juan Soto kwenda San Diego akiwa na miaka 23, akiwa amebakiza zaidi ya misimu miwili kabla hajawa huru, baada ya kukataa ofa ya dola milioni 440. Walipokea kundi zuri kweli: CJ Abrams, MacKenzie Gore na James Wood wote wameshachaguliwa nyota wa ligi. Na bado hadi msimu wa 2025 Nationals hawajawahi kumaliza mwaka na ushindi mwingi kuliko vipigo tangu ubingwa wao wa 2019. Soto alikuwa ndiye ndama aliyekua. Ukimtoa huyo, unakuwa unasubiri nini?

Wanaobebwa kwenye mzani

Nimekuwa nikisema maksai na ndama, na mfano huo unanisumbua mahali pamoja: hawa ni watu. Verlander aliweza kusema hapana usiku ule, kwa sababu mchezaji mwenye miaka kumi ya ligi kuu, mitano ya mwisho kwa klabu moja, ana haki ya kukataa kubadilishwa. Haki hiyo ina jina la mtu nyuma yake. Oktoba 1969 St. Louis Cardinals walimbadilisha Curt Flood kwenda Philadelphia bila kumuuliza. Flood, mchezaji mweusi aliyekuwa kileleni mwa kazi yake, alikataa kwenda na akaishtaki ligi, akisema yeye si mali ya kuuzwa na kununuliwa. Mwaka 1972 Mahakama Kuu ya Marekani ilimkatalia kwa kura 5 dhidi ya 3. Kazi yake ilikuwa imekwisha. Mwaka uliofuata haki hiyo ya kukataa kubadilishwa ikaingia kwenye makubaliano ya wachezaji, na miaka michache baadaye uhuru wa kuhama.

Vijana wa upande wa pili wa mzani hawana haki hiyo. Rogers, Cameron na Pérez waliambiwa tu. Julai 29, 2015, wakati mechi inaendelea New York, taarifa zilienea uwanjani kwamba Wilmer Flores wa Mets amebadilishwa kwenda Milwaukee. Flores alitoka Venezuela na kuingia Mets akiwa na miaka 16. Hakujua klabu nyingine. Kamera zilimwonyesha akiwa bado kwenye nafasi yake, akijifuta machozi kwa mkono wa jezi. Biashara ile ikavunjika usiku uleule. Siku mbili baadaye alipiga homurani iliyomaliza mechi.

Kwetu jambo hili si la mbali kama lilivyokuwa. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers walisajili vijana wawili wa Uganda, nchi ambayo mwaka 2012 ilipeleka timu ya kwanza ya Afrika kwenye mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport. Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, aliingia uwanjani kwa Pittsburgh Aprili 2017. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amebadilishwa kwenda Toronto. Atakayepita njia hiyo kutoka Lugazi au Kampala anaingia kwenye hesabu hizi hizi za siku na miaka, na ni vizuri azijue kabla ya kutia saini.

Detroit, nao, hawakuacha kuuza. Julai 30, 2024 walikuwa chini ya nusu tena, wakamtoa mrushaji Jack Flaherty kwenda Dodgers kwa vijana wawili, Trey Sweeney na Thayron Liranzo. Agosti 10 walikuwa na ushindi 55 na vipigo 63. Kuanzia hapo walishinda mechi 31 na kupoteza 13, Sweeney akiwa kikosini, wakaingia mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2014. Mpinzani wao alikuwa Houston, ugenini. Kocha wa Detroit alikuwa A.J. Hinch, yuleyule aliyekuwa kocha wa Houston mwaka 2017. Verlander, sasa miaka 41, alikuwa upande wa Houston lakini hakuwekwa kwenye orodha ya wachezaji wa mfululizo ule.

Oktoba 1 Skubal alirusha vipindi sita bila kuruhusu pointi. Aliyekuwa amechuchumaa mbele yake, akimwonyesha ishara na kudaka kila mpira, alikuwa Jake Rogers. Detroit walishinda 3-1, na kesho yake 5-2, Houston wakatolewa nyumbani kwao.